Mama wa Laini ya Pili

Ercilia alifunga dirisha la jikoni, akafunika simu kwa leso, akakohoa mara mbili, na sauti yake ikazeeka miaka ishirini.

"Fremio, mwanangu, ni mimi tena."

"Mama wa Laini ya Pili!" Mtangazaji alipiga meza mpaka redio ikakwaruza. "Mji mzima wa Moca unakusubiri wewe. Haya, mwaga maneno!"

Naye akayamwaga. Kwamba Nereo Almánzar, kocha wa timu yetu ya besiboli, Korongo, analala huku mechi inaendelea. Kwamba jana, raundi ya nane, alimwacha mrushaji aliyechoka mpaka akapigwa mipira mitatu ikaenda nje ya ukuta. Kwamba mtu wa namna ile hafai kukabidhiwa hata banda la kuku.

Tuseme ukweli, sisi watu wa Moca hatuna huruma na kocha wetu. Timu ikishinda, wachezaji hao. Ikipigwa, yeye huyo. Lakini kabla ya huyu mama tulikuwa tunanung'unika tu pale duka la kona, bia mkononi, basi. Yeye ndiye aliyembandika jina la Kocha Usingizi, na ndani ya wiki mbili uwanja mzima ukawa unaliimba. Jumapili watu walimrushia machungwa. Moja lilimpata sikioni, na tukashangilia, Mungu atusamehe.

Laini ya kwanza ya studio ikaita. Alikuwa mtu wa Barahona, shabiki wa wapinzani wetu, Pweza.

"Jamani, nyie mna wazimu?" alisema. "Huyo mzee ana warushaji wawili tu wazima, na bado mko nafasi ya tatu! Sisi huku tukisikia anakuja, matumbo yanatuuma."

"Wewe si wa hapa, nyamaza," Ercilia alimkatiza. "Unamwona mara tano kwa msimu. Mimi namwona kila siku."

"Kila siku? Na uzee huo unaenda uwanjani kila siku?"

"Nimekwambia namwona."

"Haya, mama, usinipige. Ila nikuulize kwa heshima. Huyu mtu amekukosea nini hasa? Maana hii si besiboli tena. Hii ni chuki."

Ercilia akavuta karatasi iliyokuwa mezani.

"Nina cheti cha daktari wa moyo hapa mezani," alisema. Sauti ilitetemeka, na safari hii hakuwa anaigiza. "Kimeandikwa: marufuku uwanja, marufuku kelele, marufuku hasira. Moyo huu hautafika Februari, mwanangu, kama huyo mtu ataendelea kukaa pale. Au mnataka muone jeneza ndiyo muamini?"

Yule wa Barahona alishusha pumzi. "Pole sana, mama. Sikujua." Akakata simu.

Fremio si mtu wa kuacha kitu kama hicho kipite. "Mmesikia, watu wa Moca? Nereo anatuulia mama zetu!"

Ilipofika adhuhuri, makaratasi yalikuwa yamebandikwa kwenye geti la uwanja: OKOENI MOYO WA MAMA. Wauza mihogo wa sokoni, ambao hawajui mpira unarushwa upande gani, waliacha meza zao wakaja kupiga masufuria. Mwenye timu alikuwa amezoea kupigwa na Pweza, lakini kina mama wa sokoni waliokasirika hakuwaweza. Alipita mlango wa nyuma.

Ercilia hakuyaona hayo. Alikuwa amekaa kwenye sakafu ya jikoni, analia kwa kwikwi. Lile chungwa la Jumapili lilimuuma kuliko matusi yote. Alijua anachomfanyia Nereo ni unyama. Si mlevi yule, si mvivu, na besiboli anaijua kuliko mji mzima ukijumlishwa. Lakini njia nyingine zote alishazijaribu, hata kupiga magoti, na Krismasi ilikuwa mlangoni.

Saa tisa redio ikatangaza. Korongo wameachana na kocha wao, wanamshukuru, na kadhalika na kadhalika. Nje honi zililia mtaa mzima. Watu walikumbatiana barabarani kama vile tumechukua kombe.

"Asante, Bikira Maria," Ercilia alisema kwa sauti yake mwenyewe. Alinawa uso, akafungua dirisha, akawasha jiko. Aliponda ndizi kwa siagi, akakaanga jibini, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba akaimba jikoni.

Gari likasimama nje. Mlango ukafunguliwa, na Nereo Almánzar akaingia, kofia mkononi, akambusu mke wake kwenye paji la uso, kisha akajibwaga kitini.

"Wamenifukuza, Ercilia."

"Pole, mume wangu." Alimkumbatia kichwa, asije akamwona usoni. "Pole. Sasa utapumzika."

"Nipumzike nini, mwanamke wewe?" Nereo alicheka, akakatika pumzi, akacheka tena. "Kocha wa Pweza, yule Mmarekani, kakimbilia kwao Krismasi, harudi. Wamenipigia simu nikiwa bado njiani. Barahona wananiona dhahabu! Mechi thelathini, naanza kesho." Alijisugua kifua taratibu kwa kiganja. "Ila yule daktari wangu, tafadhali, usimwambie kitu."