Msalaba kwenye 4417

Alama ya msalaba ilikuwa imerudi.

Ba Kapembwa aliitazama huku kitambaa chake chenye maji kikimdondokea viatuni. Jana jioni aliifuta kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi hii ilikuwa palepale, ubavuni mwa behewa namba 4417, nene na nyeupe. Katika uwanja ule behewa lenye msalaba wa chaki ni behewa la kukatwa. Wakataji wa chuma chakavu hawasomi barua za mtu, wanasoma chaki.

"Huyu mchoraji wao mpya ni mfupi," alisema Jere. "Misalaba mingine yote inanipita kichwa. Huu uko kifuani kwangu."

"Labda ni Mngoni mwenzako."

"Futa, mla nyani, acha maneno."

Utani wao wa Mbemba na Mngoni ulikuwa na miaka arobaini, tangu enzi za kazi, Kapembwa akiwa seremala wa mabehewa na Jere gadi wa treni. Sasa wote wamestaafu, na kwa miezi miwili walikuwa wakija hapa, nyuma ya karakana ya Kabwe, kuwapigania wazee wenzao: mabehewa kumi na tisa ya mizigo yanayosubiri moto wa gesi. Waliandika barua kumi na moja. Waliomba yote kumi na tisa, wakachekwa. Wakaomba matano. Jana msimamizi wa uwanja alitoa neno lake la mwisho. Kreni itakuja Ijumaa saa nne, itainua behewa moja tu, na mengine yataanza kukatwa saa sita.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Behewa la kuokoa lilijulikana. Lilikuwa la mbao, lenye paa la mviringo, na hawakujua jingine la aina yake lililobaki. Milango yake ilitengenezwa na baba yake Kapembwa, na jina la mzee bado lilikuwa limechongwa kwa ndani, herufi zimelala upande. Kapembwa hakuwahi kuingia humo bila kuvua kofia.

4417 lilikuwa kopo la makaa tu, la chuma, ambalo mfano wake umejaa kila stesheni. Walilifuta chaki kwa sababu ya Bana Chitalu, yaani mama yake Chitalu.

Mama huyo alikuwa amehamia kwa binti yake, ng'ambo ya barabara, mwezi uliopita. Kila asubuhi walimkuta ameshafika, amekaa juu ya reli, chitenge kimemfunika magoti, uso ameuelekeza kwa 4417. Hakuomba kitu. Siku ya tatu Jere alimuuliza.

"Mwanangu Chitalu alikuwa akiunganisha mabehewa kule Monze," alisema. "Hili ndilo la mwisho."

"Hakufanya tena kazi hiyo?"

"Hakufanya tena."

"Na namba umeishika mpaka leo, mama?"

"Miaka ishirini na sita. Naitaja kila ninapolala."

Jere alitazama pembeni. Walikuwa wamezoea kuitwa vichaa wa vyuma, na kumbe mwenzao alikuwepo. Walimpa hata kazi. "Tulindie hili, mama. Ukimwona anayechora, tuambie."

"Nitakaa hapahapa," alijibu Bana Chitalu.

Hata hivyo chaki ilirudi siku baada ya siku, na ilirudi kwa 4417 peke yake. "Ni zito hili," Jere alieleza. "Wanalimezea mate."

Alhamisi hiyo mama aliwauliza kama ni kweli kwamba kesho ndiyo mwisho.

"Ni kweli," alisema Kapembwa. "Litabaki lile la mbao tu."

"Na hili?"

Kapembwa alikunja kitambaa, akakikunjua. "Saa sita, mama. Tumeshindwa. Tusamehe."

Bana Chitalu alijifunika uso kwa chitenge, mabega yakamtikisika. Wazee wakaondoka bila kuaga, kwa aibu.

Hawakufika mbali. "Jina la baba nalijua hata bila ubao," alisema Kapembwa.

"Ba Kapembwa, usifanye hivyo."

"Mimi nina kumbukumbu nyingine. Yule mama ana lile tu. Uliona alivyolia?"

"Utajuta."

"Nimeshaanza kujuta. Twende kwa msimamizi kabla sijageuza moyo."

Ijumaa asubuhi Kapembwa aliingia kwenye behewa la mbao, akavua kofia, akapitisha kidole kwenye herufi za baba yake mpaka ya mwisho. Alipotoka hakugeuka. Saa nne kreni ikainua 4417.

Walilishusha kwenye kiwanja cha kanisa, mbele kabisa ya nyumba ya binti yake Bana Chitalu. Vumbi lilikuwa halijatua mama alipotoka mlangoni, saa sita kasoro, amevaa nguo zake za Jumapili, tayari kwenda uwanjani. Alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Ni lako, mama," alisema Kapembwa. "Litakaa hapa, mbele ya dirisha lako. Msimamizi ametia sahihi. Hakuna mtu atakayelikata tena."

Nyuma ya karakana moshi wa kwanza ulipanda, mweusi, wa mbao kavu. Jere alimshika rafiki yake bega.

Bana Chitalu alilizunguka behewa polepole mpaka mbele, kwenye kile chuma kinachoshika behewa jingine. Akaweka kiganja juu yake.

"Hapa ndipo lilipombana mwanangu, akafa," alisema.

Kisha akafungua pindo la chitenge, akatoa kipande cha chaki, akaanza kuchora msalaba ubavuni mwa 4417, usawa wa macho yake.