Kiti cha Abiria

"Viti vinakauka, mama. Nimeshakwambia."

"Vinakauka nini, wakati havijaloa?" Nyamizi alikibonyeza kwa kiganja kiti cha abiria kilichoegemezwa ukutani. Kilikuwa kikavu, tena kina vumbi. "Kamdanganye mwingine, Elikana."

Mwanawe alifunga boneti ya gari. Nyamizi aliijua sababu. Vijana wa mji ule walioshindana kwa magari kwenye kona za korongo walikuwa wakifungua viti ili gari liwe jepesi, na marehemu mumewe alikuwa mmoja wao. Nyamizi aliwahi kushuka naye korongoni, akicheka kila tairi zilipolia, huku upande mmoja jabali likipita karibu na kioo na upande wa pili pakiwa patupu. Kisha siku moja mumewe alikifungua hata kiti alichokuwa akikalia Nyamizi, akamwambia amsubiri nyumbani. Gari lilipatikana chini kabisa, penye mawe.

Kutoka juu ya korongo honi ililia, ndefu, ikiita.

"Wananingoja," Elikana alisema, akaingia na kuwasha gari. "Nikirudi tutaongea."

Nyamizi alifungua mlango wa pili, akaketi kwenye bati tupu, akaufunga.

"Mama, shuka. Unaniongezea uzito."

"Ndiyo maana nimepanda. Haya, endesha."

Honi ililia tena. Elikana hakuzima gari. Mkono wake ulikuwa juu ya gia, na bati lilikuwa likitetemeka chini ya mama yake.