Kofi la Valeria

Haya kanisimulia Valeria mwenyewe juzi, tukipepeta ufuta.

Alikuwa uani kwake Miteja, kaielekeza darubini juani. Nuru ilipita ikaangukia karatasi nyeupe, naye akawa anayachora kwa penseli madoa ya jua.

Baba mkwe akatokea. "Ugali haujasongwa, wewe unachora uchafu! Hebu nami nilione hilo jua lako."

Akainama, jicho likaelekea kioo.

Valeria akamzaba kofi. Mkwe wake! Kofia ikaruka.

"Ungepofuka, baba!"

"Umenipiga mimi?" Mzee akaipiga darubini teke. "Kesho urudi kwenu!"

"Nitarudi. Macho yako si unayo?"

Mzee akalala na hasira zake. Valeria hakuomba radhi. Alifunga mzigo wake kwa kanga, akalikaza fundo, akaulalia mpaka usingizi ukamchukua.