Nishani ya Tano

Kaburi lilikuwa limepangwa mawe vizuri kuliko ukuta wa kambi. Sajini Kasyoka alilizunguka mara mbili.

"Afande, watu wanaokimbia risasi walipata wapi nafasi ya kujenga hivi?"

"Walimpenda kamanda wao," alisema Meja Kinoti. "Andika: Shurie ameuawa vitani, Agosti mosi, 1966."

Meja alikuwa amehamishiwa Garissa mwezi Julai, akiwa na nishani nne kifuani, za Burma na Malaya, na hamu ya kupata ya tano. Shurie, kiongozi wa shifta, waasi wa mpakani, ndiye aliyekuwa njia ya kuipata. Karibu na Liboi risasi zililia kwa nusu saa. Shifta wakatoweka, ngamia arobaini wakakamatwa, na kaburi hilo likaonekana. Picha ya Shurie haikuwepo popote. Nairobi ikataka ushahidi.

Ushahidi ulijileta wenyewe baada ya wiki moja. Ngamia walikuwa wa Fatumo, mke wa Shurie, naye alifika kambini kuwadai. Alikuwa amevaa nyeupe tupu.

Meja alikuwa amesoma mila za Wasomali na alipenda ijulikane hivyo. Aliandika ripoti kwa mkono wake: "Mjane hukaa eda akiwa na nguo nyeupe miezi minne na siku kumi. Hapunguzi hata siku moja. Mke wa Shurie amevaa nyeupe. Kwa hiyo Shurie amekufa." Nairobi ikaridhika.

Swali la Meja kwa Fatumo lilikuwa moja tu.

"Mama, mumeo alikuwa akisema nini juu yangu?"

"Wewe? Wallahi, hata jina lako hakulisikia."

"Uchungu wa mjane," Meja alimweleza Kasyoka.

Sherehe ikapangwa Novemba mosi. Fatumo angethibitisha kifo mbele ya Brigedia, ndipo ngamia waachiliwe. Watoto wake sita walikuwa wakinywa chai ya rangi tangu Agosti.

"Na uje na nyeupe," Meja alimwagiza. "Kutakuwa na mpiga picha."

"Ukitaka, nitavaa."

Siku hiyo Brigedia aliuliza, "Wewe ni mjane wa Shurie?"

"Ndiyo."

"Na aliye kaburini ni yeye?"

"Ni yeye."

Nishani ikabandikwa. Bendi ikapiga. Lango likafunguliwa, na Fatumo akasimama akiwatazama ngamia wake wakitoka, mmoja mmoja. Wa mwisho alipopita, alivua shuka nyeupe, akaikunja. Ndani alikuwa na gauni jekundu la maua.

Meja alimsogelea mbio, akinong'ona.

"Mama, rudisha hiyo! Imepita miezi mitatu tu!"

Fatumo hakunong'ona.

"Hiyo mitatu ni yako, Meja. Yangu minne na siku kumi ilitimia juzi."