Rota Kwenye Kopo la Unga

Kwa mara ya tatu mwezi ule binti alichomoa rota kwenye injini ya gari la baba yake, akaifunga kwenye nailoni na kuizika ndani ya kopo la unga. Ni kipande kidogo cha plastiki, kinaenea kiganjani, lakini bila hicho moto haufiki kwenye plagi, na gari haliwaki hata ulibembeleze. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Asubuhi mzee alifungua boneti, akatazama, akaifunga, akaja kunywa chai.

"Unga wa nyumba hii umeanza kunuka oili," alisema. Jioni alikuwa na rota nyingine. Fundi aliyekaa gereji miaka arobaini hakosi rafiki wa kumrushia kipuri juu ya ukuta.

Gari lenyewe ni lile lile ambalo mzee alizimia ndani yake miaka sita nyuma, likapanda kibaraza cha duka la dawa. Daktari alisema ni kifafa cha ukubwani: asishike usukani tena, na asiachwe peke yake. Kaka wawili walio mbali wakakubaliana kwa simu kwamba binti ndiye anayefaa kukaa na mzee. Wakati huo binti alikuwa mji mwingine, akifanya kazi kwenye gereji ya magari ya mashindano. Aliomba ruhusa ya wiki mbili. Wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo.

Ufunguo wa geti aliuvaa shingoni. Watu walipomwona sokoni akikimbizana na saa, walimsifu kwamba amepata radhi ya wazazi. Alishukuru, akarudi, akafunga geti kwa ndani. Siku moja alisimama pale akajiuliza mfungwa na askari jela wana tofauti gani, ikiwa wote wanalala gereza moja. Alijichukia kwa wazo hilo, akaenda kupika.

Mzee alipoanza kulitengeneza gari, watu walidhani anajipotezea muda. Alitaka liwe la mbio za mita mia nne, zile za magari mawili yanayochomoka pamoja taa ikiwaka kijani, na bado liwe na namba, honi na taa zake, liende uwanjani na kurudi kwa barabara ya wote. Alifunga injini kubwa aliyoifufua mwenyewe, akabadilisha breki, akachomelea ndani kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva gari likipinduka. Viti aling'oa vyote, akabakiza kimoja, nacho akakikata mbavu kikabaki chembamba.

Binti alicheka. Alimuuliza kama tumbo lile, la mtu wa kilo tisini na tano, litapita hapo.

"Kiti cha mbio hukatwa kwa kumfuata dereva," baba alijibu. "Shika bampa hili, panda kwenye mizani."

Ndivyo walivyopima kila kitu, kwa mizani ya bafuni. Kipuri hakikai juu yake, kwa hiyo binti alikikumbatia akapanda nacho, baba akatoa kilo hamsini na nane za binti yake na kuandika kilichobaki ukutani kwa chaki. Walibishana juu ya kila bawaba. Binti hakupenda kukiri, lakini mikono yake ilikuwa na furaha kuliko yeye. Akisharekebisha karbureta na kusikia injini imekaa sawa, alisahau hata sufuria jikoni. Halafu alikumbuka nani atakayeendesha, na hofu ikamrudia.

"Mbio za sakafuni, baba, huishia ukingoni," alimwambia.

"Ndiyo maana natafuta barabara."

Siku mbili baadaye binti alimsikia mzee akinong'ona kwenye simu kwamba ni Jumamosi, asubuhi, na geti litakuwa wazi. Binti aliiba rota ya nne. Kisha akampigia shangazi, dada wa pekee wa baba, akalia na kumwambia kwamba mzee anataka kutoroka na atajiua barabarani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema asihangaike, Jumamosi atakuja mwenyewe.

Alikuja kweli, na sanduku ambalo dereva wa teksi alilibeba kwa mikono miwili. Nyuma yake akaingia mkaguzi wa magari, maana gari lisilopitishwa haliruhusiwi kuingia barabarani hata kwenda kukaguliwa. Mkaguzi alipiga honi, akawasha taa, akakanyaga breki, akavuta mikanda. Akaomba kusikia injini. Iliwaka mara moja. Rota ya tano, bila shaka. Mkaguzi akatabasamu, akatoa muhuri mfukoni.

Binti alijitazama amesimama mbele ya geti, ameushika ufunguo kwa ngumi. Alimpenda baba yake kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa ilimbidi amwaibishe mbele ya mgeni.

"Kuna jambo hukuambiwa," alisema. "Huyu mzee ana kifafa. Daktari alimkataza usukani. Ukigonga muhuri huo, unamzika."

Mkaguzi alishangaa. Alifunua fomu ya magari ya mashindano, ile inayojazwa uzito wa gari na wa dereva, akaisoma upya kwa kidole. Halafu akamtazama binti, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hapa mzee ameandika dereva ana kilo hamsini na nane."

Baba alikuwa anafuta mikono ambayo ilikuwa safi tayari.

Shangazi alilisukuma sanduku lake ndani ya mlango kwa mguu, akaja mpaka getini, akanyoosha kiganja. "Lete ufunguo, mwanangu," alisema, "na unionyeshe unga unakaa wapi."