Majina Chini ya Picha

Alikuwa akifunga taarifa za hitilafu kwa mkupuo, zote zilizokaa miaka miwili bila kujibiwa, kidole kilipogoma juu ya kitufe.

Kiendelezi kilikuwa chake: kipande cha programu alichokitoa bure ili watu waandike majina chini ya picha katika tovuti zao.

"Tangu usasishe, majina hayahifadhiki," taarifa iliyomsimamisha ilisema. "Nina picha za ukoo mia mbili na kumi. Naomba msaada nikiwa bado nawakumbuka. Sikupiga simu, maana ulisema kila mtu apitie hapa. Ni mimi, baba yako."

Kweli alisema, tena mezani, mbele ya wageni: "Baba, foleni ni moja kwa wote." Mcheza kwao hutunzwa, yeye wa kwao alimpanga foleni.

Akarekebisha mstari mmoja. Dakika nne tu.

Akabeba kompyuta hadi chumba cha pili, alikokuwa mzee, aliyehamia kwake mwaka jana, akikunja leso na kuikunjua. Akafungua picha ya kwanza. Chini yake palikuwa patupu.

"Baba, imepona. Haya, nitajie, mimi naandika."

Mzee akainama. Ukucha wake ukagonga kioo taratibu, juu ya uso wa mwanamke aliyempakata mtoto mchanga.

"Huyu namjua!" akasema kwa furaha. Akasubiri jina lije. Halikuja. Akamgeukia kwa ile adabu anayopewa mgeni.

"Samahani, kijana. Wewe unamfahamu?"