Sekunde Tatu za Kimya

Tangu mtandao uanze kugawa nafasi kwa wanaozungumza tu, simu ikikaa kimya sekunde tatu hukatwa, na nafasi yake hupewa wengine. Kilio hakihesabiwi kuwa maneno.

Mzee Komba wa Songea, ambaye hajawahi kuwa mwingi wa maneno, alilijua hilo alipompigia kwa video bintiye Devota, aliyefiwa na mume huko Kanada. Kwao msiba hauhitaji hotuba. Unakwenda, unaketi mkekani karibu na mfiwa, mnanyamaza pamoja mpaka jua linashuka.

“Pole, mwanangu,” alisema.

Devota akaangua kilio. Kwenye kioo cha simu tarakimu zikaanza kushuka: tatu, mbili. Mzee akanyakua kilichokuwa karibu, mfuko wa mbolea, akausoma kwa sauti.

“Kilo hamsini. Weka mbali na watoto. Usitumie ndoano.”

“Endelea, baba,” Devota alisema kwa kwikwi. “Usininyamazie.”

Akaendelea. Akasoma jina la kiwanda, tarehe, onyo la mvua, kisha akarudia kutoka juu mpaka koo likamkauka. Kule Kanada, Devota alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha simu yake kana kwamba ni bega la mtu. Alipomwona hivyo, mzee akajisahau. Akanyamaza, kama baba yeyote aliyeketi na mwanawe.

Kioo kikawa cheusi. Sauti nyororo ikamwambia, “Asante. Nafasi yenu imepewa watu wenye la kusema.”